Habu Haijazwi Mara Moja

Nilirudi kutoka Uarabuni na diploma yangu, sanduku la spana nilizonunua kwa jasho langu, na miaka minane ya kutengeneza malori makubwa kuliko yote yaliyowahi kuingia ile yadi ya malori nyuma ya mtaa wa Pipeline, nilikopata kazi. Sikurudi kubembeleza mtu. Lakini fundi mkuu pale alikuwa na sheria moja: kila habu, kile kitovu cha gurudumu chenye beringi, inapakiwa grisi, hata iliyoundwa kutumia mafuta.

"Za mafuta huvuja," alisema. "Ukijaza jioni, asubuhi kiwango kimeshuka."

Hazikuwa zinavuja. Walipojaribu mafuta, mafundi wake walijaza mara moja, wakafunga, wakaenda chai. Mafuta ya gia ni mazito. Huchukua muda kupenya hadi beringi ya ndani, na yakipenya kiwango hushuka. Nilimwambia hivyo mbele ya wote, tena kwa sauti.

Mwenye lori moja, mama mfanyabiashara wa mahindi, alinisikia. Beringi yake ya mbele ilikuwa imeungua akitoka Kitale, ndani ya grisi hiyo hiyo.

"Fanya unavyojua," akaniambia. "Lakini kesho nikikuta mafuta yameshuka, hapa utatoka."

"Na spana zako," fundi mkuu akaongeza.

Niliosha grisi yote, nikaweka beringi mpya na sili mpya ya kuzuia kuvuja, nikafunga kifuniko chenye kioo, nikamimina mafuta hadi kwenye mstari. Kisha nikaketi juu ya tairi.

"Niaje, Diploma! Unangoja yaive?" fundi mmoja akaniita.

"Mleteeni mwiko akoroge!" mwingine akadakia.

Kiwango kikashuka. Fundi mkuu akapiga makofi. "Si nilisema? Inavuja!"

Nikapitisha kitambaa cheupe nyuma ya habu, penye sili, nikamwekea usoni. Kikavu. Nikaongeza mafuta, nikaketi tena. Mara ya tatu yakatulia kwenye mstari.

Asubuhi mama aliinama, akafuta vumbi la kioo kwa kidole, akatazama.

"Fanya na ya upande ule," akasema.

Fundi mkuu hakuniomba radhi. Alibeba mkebe wake wa grisi hadi kwenye lori la pili, akachota kiganja kizima. Nikamfuata, nikaziba habu kwa mkono wangu.

"Hii pia ni ya mafuta, mzee," nikamwambia. "Grisi hiyo labda unipake mimi."