Nyungu ya Mfukoni

Niliambiwa kwamba kuna mzee wa Kariakoo alivuta vepu, kile kidude cha betri cha kuvuta mvuke, siku saba mfululizo, siku ya nane akakohoa donge la masizi lenye ukubwa wa yai la bata, na tangu hapo mapafu yake yakawa ya mtoto mchanga. Akatupa mkongojo. Akaoa. Aliyeniambia alikuwa dereva wa fuso anayepeleka kabichi zetu Dar es Salaam, na aliapa kwamba donge lenyewe aliliona, limefungwa kwenye karatasi ya khaki. Niliamini yote, hata ile karatasi.

Msinicheke haraka. Mimi si mtu wa kudanganywa ovyo. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu, dawati moja na mama mwenye wajukuu, na alama yangu ya fizikia mwalimu aliisoma mara mbili akidhani kakosea karatasi. Hapa Lushoto nina kibanda cha kutengeneza redio na simu. Nimefufua redio ambazo wenyewe walishazifanyia matanga. Mtu kama mimi akisikia kuna mashine ya kutoa mvuke, anauliza mvuke unatokaje. Akijibiwa ni waya na betri, basi, ameshaamini.

Halafu huku kwetu mvuke hauhitaji wakili. Baridi ya Juni ikishuka na ukungu wake, kila nyumba ina mtu chini ya blanketi, sufuria ya majani ya mkaratusi iko katikati ya miguu, na hatoki mpaka jasho limtiririke. Ndiyo nyungu hiyo. Mafua, nyungu. Kifua, nyungu. Hata ukigombana na jirani kichwa kikauma, nyungu. Kwa hiyo dereva aliposema, "Ile ni nyungu ya mfukoni, bwana," sikuwa na swali lingine.

Wakati huo baba yangu alikuwa anakohoa.

Alianza wakati wa vuli, kikohozi kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi. Mwaka ulipogeuka kilikuwa kimeshaingia ndani na kuvuta kiti. Baba ndiye aliyekuwa akiadhini kwenye msikiti wetu mdogo wa kule juu, na sauti yake, bila kuongeza chumvi, ilikuwa inafika Magoma na kurudi kabla hajamaliza sentensi. Sasa akawa anaikata adhana katikati, anakohoa, anaendelea. Kisha siku moja akamwachia mtu mwingine, akakaa safu ya nyuma akiangalia mkeka. Tumbaku alikuwa ameiacha siku nyingi, mwaka uleule alioanza kuadhini, kwa hiyo sikuona kinachomla. Nilichotaka mimi ni kimoja: pumzi ya baba irudi, asimame tena pale mbele.

"Mpeleke baba yako hospitali wakampime makohozi," mama aliniambia.

"Mama, nipe wiki mbili. Sayansi inakuja na fuso."

Ikaja kweli. Tangi lenyewe, kile kichwa kinachokaa juu ya betri, lilikuwa dogo kama kifuniko cha chupa ya dawa, lakini halikuwa la kununua na kutumia. Koili yake, ule waya wa kupasha moto, unaijenga mwenyewe. Unachukua kipande cha wavu wa waya, laini kuliko chujio la chai, unakipinda juu ya kijiti cha chuma mpaka kiwe kama daraja, ncha unazibana kwa skrubu huku na huku. Unabonyeza betri kidogo. Wavu ukiwaka mwekundu sawasawa kuanzia katikati, umefaulu. Ukiwaka doa upande mmoja, fungua, nyoosha, anza upya. Nilianza upya mara elfu tatu. Mama anasema mara tano.

Kilichonishinda ni pamba. Inapita chini ya lile daraja, inaugusa wavu kila mahali, na mikia yake miwili inatumbukia vishimoni kunywa juisi, yaani ile dawa ya maji inayogeuka mvuke. Nikiishindilia, juisi haipandi, pamba inaungua, na ukivuta ni kama umelamba godoro lililoshika moto. Nikiipunguza, juisi inanivujia kiganjani. Baba alikuwa amekaa kibarazani ananitazama.

"Wewe hujawahi kuweka utambi?" akauliza.

"Nimeweka, tate." Ndivyo tunavyowaita baba zetu kwa Kishambaa.

"Umeweka wapi? Wewe umeme umekukuta mtoto. Lete hapa."

Akaichambua pamba kwa vidole, akaivuta ikawa kama ndevu za mzee, akaipunguza ncha kwa mkasi wa mama, mshazari. "Utambi ukibanwa koo haunywi," akasema. "Ukilegea unakunywa mpaka unatapika. Uguse tu, kama unavyompa mkono mama mkwe." Akakohoa, akashika ukuta, akangoja kipite, akamaliza kazi. Nilipobonyeza, wingu lilitoka zito, jeupe, halina harufu ya kuungua hata kidogo.

Nikisimulia kijiweni huwa nasema fundi nilikuwa mimi. Si kweli. Utambi wa kwanza aliuweka baba kwa mkono wake, kwa sababu mwanawe alimwambia ni dawa.

Juisi ilikuja na chupa yenye maandishi. Lile neno kubwa la mnanaa nililisoma. Yale madogo niliwaachia wenye miwani. Nikaongeza matone matatu ya mafuta ya mkaratusi, ili nyungu iwe nyungu kamili. Baba naye hakukubali kuvuta hivihivi kama kijana wa stendi. Alijifunika blanketi gubigubi, tangi likiwa ndani, kama sufuria ilivyokuwa siku zote. Wingu likawa linapenya kwenye nyuzi za blanketi. Jirani yetu wa chini akapita na jembe begani, akasimama.

"Mzee, unachoma matofali humo?"

"Mwanangu kasoma," baba akajibu kutoka ndani. "Kitu hiki hukipati kwa mganga."

"Basi ukiiva utuite."

Hawakuitwa, walikuja wenyewe. Wazee watatu, wanne, kila alasiri, wanaingia chini ya blanketi lilelile kwa zamu, wanapokezana, wanacheka kama watoto walioiba miwa. Mimi nilikuwa daktari bingwa wa milima yote ya Usambara. Nilibadilisha pamba kila Ijumaa. Niliujua ule wavu kuliko uso wangu.

Na wallahi baba alichangamka! Wiki ya kwanza alitaka kuvuta kabla ya chai. Ya pili, kabla na baada. Ya tatu alinitumia mtu kibandani, juisi imeisha, hana raha. Nikamwambia mama: umeona? Mwili unaitaka dawa. Kila asubuhi mama alianika shati la baba likiwa limelowa chapachapa, akanionyesha. Nikasema: umeona? Jasho. Ugonjwa unatoka. Nyungu isiyotoa jasho ni nyungu gani?

"Na nyama za mwili nazo zinatoka na ugonjwa?" mama akauliza. Baba alikuwa ametoboa tundu la tatu kwenye mkanda wake, kwa msumari.

"Mama, wewe hukusoma fizikia."

Maneno hayo niliyasema. Kwa sauti kubwa, tena mbele ya baba, na baba akatabasamu kwa fahari.

Masika yalipoanza, baba alipanda shamba la juu kuangalia kama maji yamebomoa matuta. Mama alimkuta amekaa kwenye jiwe, leso imejaa damu. Hakunisubiri. Alisimamisha bodaboda, akampandisha baba katikati, akapanda nyuma yake, akanipitia kibandani. "Funga," akaniambia. "Twende. Na hilo dude lako ulibebe, na chupa yake."

Ilikuwa kifua kikuu. Baba alimeza vidonge mpaka mwisho, hakukosa hata siku moja, na vilimponya. Lakini pafu la kushoto lilikuwa limeshaharibika, na lililoharibika halikurudi. Leo akitoka mlangoni kwenda bombani anapumzika mara mbili. Wale wazee waliokaa naye chini ya blanketi waliitwa wote kupimwa. Wawili walikutwa nacho, yule jirani mwenye jembe akiwa mmoja wao, na hajanitania tena tangu siku hiyo. Adhana anaadhini kijana mmoja. Ana sauti nzuri. Inapoanza, baba hunyamaza, midomo yake ikitembea.

Siku ile ya hospitali, muuguzi wa chumba cha kifua alikuwa binti mdogo, barakoa usoni. "Shikamoo baba," akasema, akamkalisha karibu na dirisha lililo wazi. Kisha akauliza dawa alizotumia tangu vuli. Nikalitoa tangi mfukoni. Hata pale, jamani, hata pale, nililitoa kwa majivuno kidogo, na nikamweleza habari za wavu, za utambi, za mvuke unaosafisha mapafu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaiomba chupa, akayasoma maandishi madogo.

"Kaka, umesoma?"

"Kidato cha nne. Fizikia nilifaulu."

"Mvuke wa maji ukipoa unakuwa nini?"

"Maji."

"Puliza kwenye kioo hicho cha dirisha."

Nikavuta, nikapuliza. Kioo kikapata ukungu. Akaniambia nipitishe kidole. Kiliteleza. Kilinata. Nikakisugua kwenye kidole gumba, na kilikuwa kitu ninachokijua, kitu ambacho mama alitupaka miguuni kila asubuhi ya baridi tulipokuwa wadogo.

"Hiyo ni giliserini, kaka," akasema. "Ile ya kupaka ngozi, umeichoma juu ya waya. Na humu kuna nikotini, ndiyo tumbaku aliyokuwa ameiacha. Haisafishi mapafu. Hakuna mvuke unaosafisha mapafu. Mzee alitakiwa aje hapa tangu vuli."