Seli Zilizoshiba Siku ya Kipimo

Kwa miaka kumi na minne kazi yake pale maabara ilikuwa kuhesabu maiti za samaki. Maji machafu ya viwanda yaliletwa kwa madumu yapimwe sumu, naye akayamimina kwenye matangi yenye samaki wazima, kisha siku nne mfululizo akaopoa waliogeuza matumbo juu. Majirani walipomuuliza mama yake mzazi binti anafanya kazi gani, bibi huyo alijibu kwa ukavu, "Ananyonga samaki."

Ndiyo maana ilipokuja njia ya kutumia seli badala ya samaki, aliikamata kwa mikono miwili. Seli zilitoka kwenye matamvua, yaani mashavu ya kupumulia, ya samaki mmoja aliyekufa zamani, zikawa zinazaliana ndani ya chupa bapa. Alizilisha seramu ya damu ya ndama, akazichungulia kwa hadubini kama mzazi anayechungulia kitanda cha mtoto. Wenzake wakambandika jina: Mama Chupa.

Mkuu wa maabara alikubali shingo upande. "Kosa moja tu," alimwonya, "tunarudi kwenye matangi."

Asubuhi ile sahani ya vipimo, yenye vishimo vya seli, ilitoka ya waridi, kishimo kwa kishimo. Rangi ya buluu inayotiwa humo hugeuka waridi pale seli zinapokuwa hai. Basi maji ya kiwanda cha ngozi hayakuwa yameua kitu.

"Hongera, Mama Chupa!" Mkuu alimsogezea fomu ya kibali. "Tia sahihi. Saa nne wanafungua bomba."

Bomba lile lilielekea mtoni, na huko chini watu walikuwa wakichota maji ya kunywa. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Alishika kalamu, kisha akaiweka chini. Waridi tupu, hata kwenye maji ya kiwanda yasiyochanganywa na maji safi? Akaenda kwenye jokofu. Siku ya kipimo seli huwekwa kwenye maji ya chumvi na sukari tu, bila seramu, kwa sababu seramu huinasa sumu kabla haijazifikia. Chupa ya maji hayo matupu ilikuwa palepale, muhuri wake mzima. Mkono uliozoea kulisha ulikuwa umelisha.

Mtunza matangi, aliyesimama mlangoni, aliona ile chupa akaelewa.

"Saini tu, dada yangu," alinong'ona. "Nani atajua?"

Swali hilo limeharibu ofisi nyingi kuliko wizi.

"Mimi ninajua," alisema, akarudi kwa mkuu na chupa mkononi. "Bosi, wapigie simu wasifungue. Kipimo kimeharibika. Nilizitilia seli seramu."

Mkuu alimtazama, akatazama saa ya ukutani. Saa nne kasoro dakika kumi na mbili.

"Si nilikwambia seli zako ni za kubahatisha?"

"Seli hazina kosa. Kosa ni langu, liandike kwa jina langu."

Simu iliita mara sita bila kupokelewa. Ya saba ikapokelewa. Mkuu alifoka wasifungue bomba, akakata, akamgeukia mtunza matangi: "Jaza tangi moja. Kesho sahani ikizingua tena, samaki wanaingia."

Mama Chupa alirudia kila kitu siku hiyohiyo. Safari hii kila chupa aliisoma kwa sauti kabla ya kuifungua, na mtunza matangi akaitikia, "Naam, tupu," bila mzaha.

Kesho yake walisimama watatu mbele ya sahani. Vishimo vya maji safi vilikuwa vya waridi. Vya maji ya kiwanda vilibaki buluu, hata pale yalipozimuliwa mara nane.

"Zimekufa zote," mkuu alisema polepole. Akaandika katazo kwa kiwanda, kisha akatoa karatasi ya pili: barua ya onyo kwa Mama Chupa.

Aliisoma mpaka mwisho, akaitia sahihi, akauliza faili lake liko wapi ili aiweke mwenyewe. Mtunza matangi alikuwa ameshaanza kumwaga tangi.