Bangi Haijui

Baba yangu, Protasi Mapunda wa Liuli, alitaka kazi moja tu: kubeba mkoba wa barua za siri za serikali, ule uliofungwa kwa nta ya lakiri. Barua za kawaida alikuwa akizibeba tayari. Lakini mkoba wa lakiri alipewa mtu aliyechunguzwa kwanza, na baba aliutamani hadi mama akamtania kwamba ameposa mke wa pili.

Mwaka 1952 nafasi ikapatikana. Akapanda milima siku mbili hadi ofisi ya Mbinga, ambako karani mmoja Mmatengo, mtu wa milimani, Wendelini, alimsomea maswali ya fomu. Swali la sita: amewahi kuvuta bangi?

Sisi watu wa ziwani jani lile tuliliita chamba. Baba alikuwa amelivuta ujanani alipokuwa akivua usipa, akaliacha nilipozaliwa mimi. Alijua fika kwamba chamba ndiyo bangi, hakuwa mtoto. Lakini aliona upenyo, akapenya. Akajibu kwamba bangi haijui.

Hadi leo ujanja ule wa kijinga unanipandisha hasira. Askari alitumwa Liuli kuuliza habari zake, na shangazi Hedwiga, kwa kujivunia kaka yake, akamsimulia jinsi Protasi alivyoacha chamba kwa nguvu zake mwenyewe, bila dawa wala mganga.

Baba akaitwa tena Mbinga. Akajitetea kwamba aliulizwa bangi, hakuulizwa chamba. Wendelini akalifunga faili.

“Kaka Protasi, jani uliliacha miaka minane iliyopita, hilo tungelisamehe. Uongo huu ni wa mwezi uliopita. Nitampaje barua za siri mtu anayejificha nyuma ya neno?”

Baba alirudi nyumbani mnyonge. Ndugu wakamshauri aachane na mkoba huo, akakataa katakata. Miaka miwili akabeba barua za kawaida, mvua na jua, bila kuchelewesha hata moja. Na kila aliyemuuliza kwa nini alinyimwa, hata pale nje ya kanisa, alimjibu kwamba alidanganya. Mimi niliona aibu, nikatamani anyamaze. Hakunyamaza.

Nafasi ilipotokea tena, akapanda tena. Wendelini akatoa fomu mpya, akasoma swali la sita: “Umewahi kuvuta bangi, chamba, au jani hilo kwa jina lingine lolote?”

Baba alicheka hadi akashika meza.

“Hilo mmeniandikia mimi,” akasema. “Andika ndiyo. Andika pia kwamba mara ya kwanza nilidanganya.”

Wendelini akamwambia hilo limeshajaa faili zima, lakini akaliandika.

Baada ya mwezi mmoja baba aliteremka Liuli na mkoba begani, lakiri yake nyekundu ikionekana. Shangazi Hedwiga akamkimbilia, akataka kujua mna nini ndani. Baba akamjibu kwamba hajui. Safari hii ilikuwa kweli.