Stima Ilipopotea Mama Mkwe Akijibu

Mwishoni mwa miaka ya tisini niliajiriwa katika zahanati ndogo mjini Meru, si mbali na Majengo, kuwasaidia wanawake kujibu maswali ya kompyuta. Daktari wetu, mama mmoja mpole, alikuwa amechoka kuwauliza wagonjwa mambo ya ndani na kujibiwa "niko sawa tu." Aliona kwamba mtu akiulizwa na mashine huenda akasema. Maswali yalitokea kwenye skrini moja moja, kwa Kiswahili: umezaa mara ngapi, kuna aliyeugua saratani kwenu, unapigwa nyumbani? Mwishoni mashine ilimwonyesha daktari nani apimwe haraka. Nilibandika plasta kwenye kibonyezo cha ndiyo, na asiyejua kusoma nilimsomea kwa Kimeru.

Wauza mboga wa soko la Gakoromone walikuja na vipande vya sukuma vimenasa kwenye sweta zao. Mmoja alijifunika leso pamoja na skrini, kama mtu anayejifukiza, na hakutoka humo hadi alipomaliza.

Mwaka ule mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Kanja, upande wa Embu. Alikuwa mjane wa maneno machache. Tuliheshimiana sana, heshima ile ya kupeana chai huku kila mmoja akiangalia pembeni. Alituletea nduma na maharagwe, akakataa kupumzika. Lakini niligundua kwamba aliamka kabla yetu kufua vitambaa vyenye damu, kisha akavianika chini ya shuka visionekane. Umri wake ulikuwa umepita mambo hayo zamani. Nilijua damu ile si ya kawaida, ila sikujua ningemwulizaje mama wa mume wangu. Mume wangu naye sikuthubutu kumwambia.

"Mama, twende uone ninapofanya kazi," nikamwambia asubuhi moja.

Alivaa viatu vyake vya kanisani. Nilimketisha mbele ya mashine, nikamwonyesha vibonyezo, nikaanza kumsomea. Alijibu vizuri, hata akacheka kidogo alipoulizwa kama anavuta sigara. Tulipofika swali la kutokwa na damu baada ya hedhi kukoma, akanigusa mkono.

"Hapo niachie," akasema. "Kusoma nilifundishwa ngumbaru, nikiwa mtu mzima. Wewe ngoja nje."

Nikatoka. Mlango uliachwa wazi kidogo, nikamwona akifuata maneno kwa kidole juu ya kioo, midomo ikicheza. Alikawia sana. Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakaanza kunong'ona, na mimi nikawaomba wavumilie.

Kisha stima ikapotea. Redio ya mapokezi ilinyamaza, na skrini ikawa nyeusi. Nilipoingia nilimkuta ameweka mikono mapajani kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Nimeiharibu," akasema.

"Hujaharibu, mama. Ni stima tu."

"Na yale niliyojibu?"

"Yamepotea. Itabidi tuanze tena ikirudi."

Nje mtu aliuliza kama foleni bado inasonga.

"Nilikuwa nimebonyeza ndiyo," akasema, akiutazama ukuta. "Natoka damu tangu wakati wa kupanda. Nilidhani nitakufa nayo bila mtu kujua, hata wewe."

"Nilijua, mama. Niliona vitambaa."

"Uliona ukanyamaza?"

"Niliogopa kukuvunjia heshima."

"Na mimi niliogopa utaniona uchafu," akasema.

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamshika mikono yote miwili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumgusa zaidi ya kumsalimia.

Daktari alimpima mchana uleule bila kungoja stima. Tulitumwa hospitali kubwa, wakakuta uvimbe umeanza ndani ya kizazi, haujaenea. Walimfanyia upasuaji na kutoa kizazi. Mume wangu alilia alipoelezwa, kisha akaenda Kanja kutafuta mtu wa kumkamia ng'ombe mamake.

Mama mkwe alikaa kwetu mpaka kidonda kikapona. Nilimpashia maji na kumwosha mgongo. Mwanzoni alifumba macho nikimwosha, kana kwamba asiponiona nami simwoni. Baadaye akaanza kunisimulia jinsi alivyoshikwa na uchungu wa kumzaa mume wangu katikati ya shamba la kahawa, na jinsi mama mkwe wake mwenyewe alivyokuwa mkali hata yeye akamwogopa kuliko ugonjwa.

Alasiri moja, nikimkanda miguu, akaniuliza kama nikienda mwezini huwa naumwa. Tangu niolewe hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia naumwa sana, hadi siku nyingine nashindwa kusimama. Akaniondolea mikono miguuni pake, akanisogezea nafasi kitandani.

"Lala hapa kidogo," akasema. "Chai nitapika mimi."