Kaye ya Papa Damas

Papa Damas ana miaka sitini na minane, magoti mabovu, na daftari lenye jalada gumu ambalo sisi sote tunaliita kaye. Humo tunaandika kila tunachogusa kwenye kompyuta ya ofisi ya parokia yetu, hapa Kikula, mjini Likasi. Ukibadilisha nenosiri, unaandika. Ukiondoa programu, unaandika, na saa uliyoiondoa, na jina lako. Siku moja niliandika "nimefuta vumbi" ili nimchokoze tu. Alisoma, akaniuliza kama nilitumia kitambaa kikavu au chenye maji.

Mimi ni Hilaire. Kazi yangu ni kupima malori ya mawe ya chokaa kule Kakontwe, na Jumamosi mchana nakuja parokiani kukutana na wenzangu ambao mtaa mzima unawaita ba-Linux. Kompyuta zetu ni zile zilizochoka mikononi mwa watu wengine zikaletwa huku kuuzwa tena. Linux, mfumo wa kompyuta usiolipiwa, inazifufua bila kuomba ruhusa kwa mtu, na virusi vya flashi za watu haviisumbui. Katika hilo tunakubaliana. Mengine yote ni ubishi.

Linux ina aina nyingi: mimi ni mtu wa Mint, kwa sababu nataka kitu kinachofanya kazi nirudi nyumbani nikale. Ricky, fundi wa simu, anabadilisha mfumo kama mtu anayebadilisha shati, na kila Jumamosi anatuhubiria dini mpya. Danielle, mama wa watoto wawili mwenye kibanda cha fotokopi karibu na soko, hasemi sana. Anasoma, anajaribu, na mara nyingi anakuwa sahihi, jambo ambalo kusema kweli linaniudhi. Papa Damas yeye ni Debian tu. Kwake kitu kizuri ni kile ambacho umekwisha kuzoea ubovu wake.

Ile kaye hakuiokota njiani. Alikuwa fundi umeme kiwandani kwa miaka ishirini na saba, na kule kundi linalotoka kazini lilikuwa lazima liandike lilichogusa, na kundi linaloingia lisome na kutia saini kabla ya kushika hata bisibisi. Mwaka wa 1987 mtu mmoja alirudisha umeme kwenye mota ya mkanda wa mawe, akaenda zake nyumbani bila kuandika. Asubuhi Kitenge, rafiki mkubwa wa Damas, alisoma kaye, akaona mota imekatwa umeme, akaingiza mkono. Alibaki na kidole gumba peke yake. Papa Damas alitusimulia habari hiyo mara moja tu, na jina la yule ambaye hakuandika hakulitaja. Lakini sheria yake kwetu ilizaliwa pale: anayegusa bila kuandika hagusi tena mwezi mzima.

Kompyuta yenyewe ni ya Mama Adrienne, katibu wa parokia. Kwa miaka mitatu alinakili humo daftari la ubatizo la tangu 1958 mpaka 1983, akichapa kwa kidole kimoja, huku midomo yake ikitamka kila jina. Majina elfu sita na mia nne. Alipomaliza tu, mchwa nao wakamaliza daftari. Tulifungua kabati tukakuta jalada na unga. Kuna watu wa mji huu ambao karatasi yao pekee inayosema walizaliwa, na kwa nani, ni ule mstari mmoja wa ubatizo. Bila mstari huo padre hafungi ndoa, na mzee hawezi kuonyesha umri wake popote. Mara ngapi tulimwambia Mama Adrienne atengeneze nakala nyingine! Kila mara alisema kesho. Na sisi, mabingwa wakubwa, hakuna aliyechukua flashi akamfanyia. Kwa hiyo watu wote wale walikuwa mahali pamoja tu, ndani ya sanduku moja la bati chini ya meza.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, nilimkuta Mama Adrienne mlangoni pa ofisi, mikono kichwani kama mtu aliyefiwa.

"Mashini inakatala kuamuka," alisema. "Tangu asubuyi. Bantu bangu bote biko mule ndani."

Ricky na Danielle walikuwa wamefika kabla yangu. Kwenye skrini nyeusi sekunde zilikuwa zinahesabiwa mpaka tisini, kisha maandishi meupe yakatangaza hali ya dharura na kuomba nenosiri la mkuu wa mashine. Nenosiri hilo alikuwa nalo Papa Damas peke yake.

"Système imeoza," alisema Ricky. "Tuformater! Niko na flashi hapa. Dakika makumi mbili, mutaona mashini mupya."

"Kuformater ni muzuri," nilisema mimi, "lakini tutie Mint. Nilishaka kubaambia: Debian si kitu ya kupatia mama secrétaire."

Ricky akasema Mint ni ya wavivu. Nikamwambia ya kwake ni ya watu wasio na kazi. Tuliendelea hivyo karibu robo saa nzima, na katika robo saa hiyo hakuna aliyeuliza ugonjwa wenyewe ni nini. Mgonjwa hajakata roho, sisi tayari tunagombania nguo zake.

"Formater ni nini?" aliuliza Mama Adrienne.

"Ni kufuta, mama," alisema Ricky. "Tunaanza mupya."

"Kufuta na majina?"

Ricky akasema atayatoa kwanza, labda. Hilo "labda" nalifahamu. Aliwahi kulisema mbele ya kompyuta ya mwalimu mmoja, na mwalimu yule mpaka leo anatafuta alama za wanafunzi wake. Mama Adrienne aliketi kwenye kiti cha wageni na kuanza kulia, bila sauti.

Papa Damas akaingia na kaye yake kwapani. Tulimweleza. Hakuangalia skrini. Alifungua kaye, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho: Jumatano, saa nne asubuhi, Danielle, kusasisha mfumo, noyau mpya. Chini yake kulikuwa kweupe. Noyau ndiyo kiini cha Linux chenyewe, kwa hiyo mtu akitafuta mkosaji, alikuwa amempata.

"Danielle. Ni weye wa mwisho kugusa."

"Ndiyo, papa, na niliandika. Lakini pale nilifika leo niliamusha mashini na noyau ya zamani, ile inabakiaka mule, nayo inakufa tu vile vile. Kama ya zamani na yenyewe inakufa, basi si noyau."

Lilikuwa jibu zuri. Leo nalirudia peke yangu mizanini na naona lilivyokuwa zuri. Siku ile hakuna aliyelisikiliza.

"Nani mwengine aligusa?" nilisema. "Kaye iko wazi."

Uso wa Papa Damas ulikuwa umekakamaa. "Kuko kitu kingine ulifanya, haukuandika," alimwambia. "Toka mu clavier, usiguse tena. Mwezi muzima."

Danielle akavua miwani, akapita mbele yetu, akaenda kuketi nje kwenye ngazi ya kanisa. Mama Adrienne hakumtazama. Mimi, niseme ukweli, nilifurahi kidogo. Mtu anayekuwa sahihi kila Jumamosi, siku akianguka, moyo mbaya unacheka.

Ricky alikuwa tayari anachomeka flashi yake. Papa Damas akamshika mkono.

"Ngoja. Kabla ya kumuzika, tumusikilize."

Akaketi, akaandika nenosiri huku ametugeuzia mgongo, akaiomba mashine kumbukumbu ya yaliyotokea tangu ilipowashwa. Mistari ikajaa skrini. Alikuwa anaisoma mmoja mmoja, kidole juu ya kioo, kama bibi anayechambua mchele. Mimi na Ricky tulirudi mlangoni kwenye ubishi wetu.

Baada ya muda niliona kile kidole hakisogei tena. Nikasogea karibu. Alikuwa amefungua faili dogo linaloitwa fstab, orodha ya diski ambazo mashine lazima izione kabla ya kuamka. Mstari wa mwisho ulikuwa wa diski ya nje, ile ya kwaya, yenye video za sikukuu, ambayo siku zote inakaa imechomekwa nyuma ya kompyuta. Siku hiyo haikuwepo. Papa Joachim, mkubwa wa kwaya, alikuwa ameichomoa Ijumaa jioni, akaenda nayo Kambove kuwaonyesha wenzake. Ule mstari ulikosa neno moja tu, lile linaloiambia mashine kwamba huyu asipokuwepo endelea bila yeye. Kwa kuwa halikuwepo, mashine ilimngoja sekunde tisini, kisha ikagoma.

"Ni kile tu?" niliuliza.

Papa Damas aliandika amri nyingine fupi, na mashine ikamwonyesha siku faili lile lilipobadilishwa mara ya mwisho: Alhamisi, saa tisa na dakika hamsini za mchana. Aliitazama ile tarehe kwa muda mrefu. Mimi tarehe haikuniambia kitu. Kisha akaongeza neno lililokosekana, akawasha mashine upya.

Iliamka ndani ya nusu dakika. Mama Adrienne alitusukuma sote akafungua orodha yake, akaanza kusoma majina kwa sauti, moja baada ya lingine, kama mtu anayeita watoto waingie ndani kabla ya mvua, na machozi yanamwagika juu ya kibodi. Ricky akapiga makofi.

"Danielle alitaka kutuua!" alisema, akacheka.

Basi sikiliza. Mashine imepona. Majina yapo. Mkosaji amekwisha kupatikana na adhabu amepewa. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angekwenda kuuliza Alhamisi saa tisa na dakika hamsini nani alikuwa ofisini. Ningekuwa mimi, ningenyamaza, na Jumapili ningekomunika bila wasiwasi.

Papa Damas alisimama, magoti yakalia. Akachukua kaye, akatoka nje mpaka kwenye ngazi ya kanisa. Tukamfuata bila kujua kwa nini.

"Danielle, mwana yangu," alisema. "Ni miye."

Danielle akainua uso.

"Siku ya ine, Alhamisi, Papa Joachim aliniomba disque yake ikuwe inafunguka yenyewe. Ni miye nilitia ile ligne, ule mustari. Umeme inakataka saa kumi, nikafanya mbio. Ile saa nimemaliza, courant ikaenda. Mu bureau mukakuwa giza, nikasema nitaandika kesho. Kesho nikasahau. Na leo nikakufukuza mbele ya bantu."

Ricky akatia flashi yake mfukoni.

"Ule muntu hakuandikaka ku kiwanda," aliendelea Papa Damas, na sauti yake ilikuwa imepungua, "nilimuchukia miaka yote hii. Nilisema, ule ni muntu wa roho mubaya. Sikujuaka ginsi bintu binafanyika. Kumbe binafanyika tu vile. Muntu anasema kesho."

Nilitegemea Danielle aseme si kitu, papa, yamekwisha. Wengi wetu tungesema hivyo kwa mzee. Yeye hakusema.

"Ulinifukuza bila kusoma, papa."

"Ndiyo."

"Na Kaka Hilaire alifurahi."

Nilitazama viatu vyangu. Nyani haoni kundule, lakini siku ile mimi nililiona langu vizuri sana. Nikamwomba msamaha pale pale, kwa sauti ndogo, na sijui kama aliusikia.

Papa Damas akaketi ngazini kando yake, taratibu, mkono mmoja ukutani. Akaweka kaye juu ya magoti, akatoa biki mfukoni, akaandika. Alichukua muda mrefu. Kisha akaugeuza ukurasa upande wa Danielle, na mimi nikausoma juu ya bega lake: Alhamisi, Damas, nilitia disque ya chorale mu fstab, sikuandika, Danielle hana kosa, mwezi mzima sigusi. Juu ya ukurasa akaweka kipande cha karatasi kilichokunjwa. Nenosiri la mkuu wa mashine, ambalo hakuwahi kumpa mtu.

"Tia signature," alimwambia. "Kundi yangu inatoka. Ya kwako inaingia."

Danielle alivaa miwani yake. Alisoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili, kama anavyosoma kila kitu. Kisha akamrudishia mzee kaye bila kutia saini.

"Saa, papa," alisema. "Haukuandika saa."

Papa Damas akachukua biki, akaandika pembeni: saa tisa na dakika hamsini. Ndipo Danielle akatia saini.