Moshi wa Godefroid

Wako wanaojisifu kwa watoto, wengine kwa nyumba ya ghorofa. Godefroid alijisifu kwa moshi, na tena moshi usiokuwepo. Moteri yoyote ya mazut, yaani dizeli, iliyopita mikononi mwake, hata iwe kongwe kuliko shemeji yake, ilitoka ikipumua hewa safi. Ili watu waamini, alikuwa akishika leso nyeupe mbele ya bomba la moshi huku gari likinguruma, kisha akiipeperusha hewani kama padri anayenyunyiza maji ya baraka. Leso ikiwa na doa, alisema, mwenye gari asimsalimie tena. Alikuwa na leso tatu za kazi hiyo, na hakuna hata moja iliyowahi kuona pua yake.

Baba yake alishuka kutoka Katanga ya kaskazini pamoja na reli, na yeye mwenyewe alikaa miaka ishirini na sita kwenye depo ya treni, hadi mishahara ilipokatika na treni zikafa moja moja kama kuku wa msimu wa mvua. Alitoka pale na sanduku la spana, ovaroli ya buluu na mdomo. Mdomo ndio haukupata kutu.

Aprili 1997 Lubumbashi haikulala vizuri wala haikuamka vizuri. Wanajeshi wa zamani, wa serikali, walikuwa wanakimbia, wapya, wa waasi, walikuwa hawajafika, na asubuhi kila mtu alikuwa na habari yake tofauti ya mahali waasi walipolala. Hawa wanaokimbia walitaka kitu kimoja: magurudumu. Na kwa kuwa gari bila fundi haliendi mbali, walichukua gari pamoja na fundi. Mukuka, fundi wa Katuba, alibebwa Jumanne pamoja na pickup aliyokuwa ameifungua tu kuitazama. Mke wake alikuwa bado anazunguka kwenye barriere zote, vizuizi vya wanajeshi, akiulizia mtu mfupi mwenye kofia nyekundu.

Ijumaa Mama Kahambu akamwita Godefroid, fundi wake wa siku zote, aje kwake Kasungami. Huyu ni mama wa Butembo, mfanyabiashara wa unga, anayeununua Zambia na kuupitishia mpakani Mokambo. Stoo zake za Kivu zilikwisha vitani mwaka uliopita. Mkononi alibakiwa na lori moja tu la Kijerumani, lenye turbo, ile feni inayosukumia moteri hewa, ambalo kilometa zake zilizunguka hadi mwisho zikaanza tena sifuri. Alilificha nyuma ya lupango, yaani ua wake, chini ya mabua ya mahindi. Lori hilo likienda, naye amekwenda.

"Muzee Godefroid," alisema kabla hata ya kumpa kiti, "nataka kamyo yangu itoe moshi."

Godefroid alimwangalia kama mtu aliyetukanwa kanisani. "Mama, moshi miye naifukuzaka. Siitiake."

"Leo utaitia. Basoda beko banaingia mu malupango yote. Bakisikia moteri inaimba, bataibeba. Na weye batakuweka juu."

Hapo Godefroid akafikiria kofia nyekundu ya Mukuka. Akakaa juu ya tairi, na kwa kuwa hakuweza kufanya kitu bila kukifundisha, akaanza. Moshi mweupe, alisema, ni wa mazut isiyoshika moto; wa buluu ni wa moteri inayokunywa mafuta yake mwenyewe, kama mzee fulani anayejulikana; mweusi ni wa moteri inayokosa hewa. "Tutatia mweusi. Ule mwingine unaniletea haya." Akalegeza kolie, ule mkanda wa chuma unaobana bomba la hewa kati ya turbo na moteri. Hewa ikitoroka pale, lori linapiga filimbi, linamwaga masizi, na halina nguvu ya kupanda hata tuta la viazi. Kuliponya ni kuzungusha bisibisi mara tatu.

"Muzuri," alisema Kahambu. "Sasa na mafuta. Uache mule ile ya zamani, nyeusi, ili hii uongo ikamilike."

"Hapana, mama."

"Hapana namna gani?"

"Moshi ni nguo, naivua. Mafuta njo damu."

Jioni ileile akachagua mapya. Mafuta ya chupa ya sokoni aliyachemsha ndani ya kijiko juu ya mbabula, jiko la makaa. Yakalia tsa-tsa-tsa, maana yalikuwa na maji. Mengine yalikuwa mepesi, ya vigari vipya: kwenye moteri kongwe iliyolika, yakipata moto yanakuwa kama chai, hayabebi kitu. Yaliyobaki yalikuwa ya bidoni, dumu lililofungwa vizuri, kutoka Zambia, mazito kiasi, yenye kukaa kwenye kidole bila kukimbia. Turbo inazunguka haraka kuliko ulimi wa Godefroid mwenyewe, na kinachoibeba ni utando wa mafuta tu. Kwa hiyo pia alikuwa na sheria: ukimaliza safari usizime moteri ghafla, iache ingurume pole pole kwa muda wa Salamu Maria tatu, turbo ipoe ikiwa bado inakunywa. Kahambu, ambaye ni Mprotestanti, hakukubali Salamu Maria. Yeye alitumia zaburi moja nzima, na Godefroid alikiri kwamba turbo yake ilipoa vizuri zaidi.

Basi Jumamosi asubuhi akamwaga mafuta meusi, akatia mapya, akafuta moteri yote kwa kitambaa. Hakuna aliyemwambia afute. Mikono ilifuta yenyewe. Hata hajaliwasha, geti likapigwa kwa kitako cha bunduki.

Waliingia watano. Sajenti wao alikuwa amevaa kiatu kimoja cha jeshi na kimoja cha mpira, lakini macho yake yalikuwa ya mtu anayejua magari. Mabua yaliondolewa kwa mateke.

"Nani mwenye kamyo?"

"Ni yangu, chef," alisema Kahambu. "Lakini ilikufa."

Sajenti hakujibu. Alipanda, akafungua, akavuta kijiti cha kupimia mafuta, akakielekeza kwenye jua. Mafuta yaliteleza juu yake, ya rangi ya asali.



"Mama," sajenti aliuliza polepole, "muntu anatiaka mafuta mupya mu moteri ya kufa?" Akaangalia moteri iliyong'aa. "Na anaisafishaka kama bibi harusi? Washeni."

Lori likawaka. Na ukweli usemwe, moshi ulikuwa mzuri: mweusi, mzito, ukafunika kuku, ukafunika wanajeshi wawili, ukaruka ukuta kwenda kwa jirani. Filimbi ililia. Sajenti, badala ya kuridhika, akaingia usukanini, akakanyaga pedali ya mazut mpaka chini, moteri ikapiga kelele, halafu, turbo ikiwa bado inazunguka kama kichaa, akazima. Tap.

"Yee!" Godefroid alipiga ukelele. Ulimtoka tu, kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Sajenti akashuka. "Papa. Umeumia wapi?"

Godefroid alikuwa na sekunde moja. Mdomo ulikuwa umejaa maneno yaliyozoea kutoka: depo ya treni, miaka ishirini na sita, leso tatu. Yote yalisukumana nyuma ya meno. Akayameza, na yalikuwa na ladha ya masizi.

"Chef, unisamehe. Miye njo niliua hii moteri."

"Weye uko fundi?"

"Fundi ya baiskeli, chef. Nilidanganya huyu mama. Nilitia mafuta nyepesi, ya kagari kadogo. Sikujua turbo inaombaka nini. Ikajikula yote ndani. Leo nilitia mupya na kupanguza juu, mama asione kosa yangu. Ulipokanyaga mazut, nikaona itapasuka mbele yake."

Sajenti akamgeukia Kahambu. Na Kahambu, Mungu ampe maisha, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alivua ndala.

"Mwizi! Unaniambia uko muntu ya shemin de fer, ya reli! Baba yako alifundisha nini, kupuliza filimbi? Na hii pua kubwa, kumbe njo yenye kuziba akili!" Ndala ikampata begani, ya pili ikampata sikioni. Juu ya ukuta vilitokeza vichwa vya majirani, na mbele yao wote alimwita mjinga wa mazut, mchawi wa moteri, mzee asiyejua mafuta ya kupikia na mafuta ya gari. Kila neno lilitoka tamu, kama lililokuwa linangoja tangu zamani.

Wanajeshi walicheka hadi mmoja akakaa chini. Sajenti alikuwa akipangusa machozi. "Papa, weye tukikubeba, hata kupanda Karavia, hapa tu mu muji, hatufike." Wakabeba bidoni ya mafuta yaliyobaki, wakabeba kuku wawili weusi kwa moshi, wakaenda.

Mbali, upande wa mjini, risasi mbili tatu zililia, zikanyamaza.

"Nilikuwa nacheza, muzee," alisema Kahambu, akiokota ndala.

"Yote?"

Akafikiri. "Ile ya pua, hapana."

Godefroid akapanda. Aliishika turbo kwa vidole viwili, akaizungusha, akasikiliza kwa kichwa kilichoinama. Haikukwama. Akakaza kolie, akawasha, akachomoa leso, akaishika mbele ya bomba. Midomo yake ilikuwa inatembea: Salamu Maria, moja, mbili. Kahambu alikuwa kwenye zaburi yake. Leso ilitoka nyeupe, na hapakuwa na mtu wa kuipeperushia. Akaikunja, akairudisha mfukoni, akazima, kisha akachukua bisibisi na kulegeza kolie upya, kwa sababu wanajeshi wapya walikuwa bado njiani, nao wana miguu inayochoka kama wale.

Lori lilipita Mokambo na kurudi na unga wiki tatu baadaye. Lakini habari waliyoiona majirani juu ya ukuta ilifika Katuba, alikokaa Godefroid, Jumamosi ileile. Watoto walimwita Fundi Baiskeli, wateja wawili walikuja kuchukua funguo za magari yao bila kumtazama usoni, na yeye, ambaye angeweza kuwanyamazisha wote kwa neno moja, hakulisema, kwa kuwa neno hilo lingefika masikio ya kila mwenye bunduki.

Siku ya tatu Léonie, mjane wa jirani, alisimama mlangoni na baiskeli iliyokatika mnyororo.

"Tulisikia uko fundi wa hizi," alisema bila mzaha.

Godefroid aliitazama baiskeli. Hakuwahi kutengeneza hata moja maishani. Akaipindua miguu juu, akazungusha gurudumu, akasikiliza kwa kichwa kilichoinama, akapitisha kidole kwenye mnyororo na kukinusa.

"Léonie," alisema, na kidogo kidogo mgongo wake ukanyooka, "hii mnyororo, uliitiaka mafuta gani?"