Duara la Jumapili

Binamu yangu wanamwita Bosi. Jumapili wenzake watano huja saluni kwa shangazi, mama yake, kusukana, maana shule yao hairuhusu kichwa kitimtim Jumatatu. Wanakaa sakafuni duara, kila mmoja anamsuka aliye mbele yake, hakuna anayebaki. Mimi shule niliiacha mapema. Kazi yangu kuosha vichwa na kufagia.

Jumapili ile Bosi alisema, "Leo Kicheko hatumjui."

Kicheko ni mgeni shuleni kwao, hucheka hata akijikwaa. Wiki hiyo Bosi aliumwa, wenzake wakapita kwa kina Kicheko wakitoka shule, wakala, wakapiga soga. Bosi aliambiwa baadaye.

Basi Kicheko alipoingia na chanuo lake, duara likajibana. Akakaa ukutani.

"Jamani, na mimi?"

"Kuna mtu kaongea?" Bosi akauliza. Wakacheka, mmoja kwa kuchelewa.

Kazi hiyo ya kumnunia mtu Bosi kaijulia nyumbani. Shangazi hapigi mtoto, hununa. Tangu Ijumaa, sababu ya sufuria iliyoungua, hakuwa amemsemesha Bosi. Mtu yuko mbele yake, anatumiwa salamu kupitia kwangu. Nimemwona Bosi akizunguka jikoni, anaosha vyombo visafi, ilimradi atazamwe.

Shangazi akachungulia mlangoni, akaniambia, "Mwambie mwenzio mvua inakuja, aanue nguo."

Bosi aliruka kabla sijafungua mdomo, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio. Uwanjani nilimsikia akiuliza, "Mama, na hizi za kwenye uzio?" Hakujibiwa.

Ndani, nafasi ilibaki wazi. Msichana tunayemwita Mrefu, aliyekuwa akimsuka Bosi, sasa hakuwa na kichwa cha kusuka, vidole vinamwasha.

"Wee, njoo hapa basi. Kaa haraka."

Kicheko akasogea. Duara likafunga.

Bosi alirudi na nguo kifuani, akasimama. Hakuna aliyeinua macho. Akaziweka nguo, akajishika kisogo, akachuchumaa karibu na Kicheko.

"Shoga, ukimaliza huyo, nimalizie hapa nyuma."

Kicheko aliwatazama wenzake, mmoja mmoja. Wakainamia vichwa vyao.

"Vidole vimechoka," akasema, wala hakucheka.

Bosi akachukua kitambaa kwenye zile nguo, akajifunga kichwa, akaanza kukunja zilizobaki.